Shingo ya Kondoo na Shingo ya Swala: Je, Mifupa Yaweza Kusema Kweli?

Kwa wakaaji wa Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, shingo ni nyama yenye heshima yake. Bei yake kwa kawaida si kubwa kama ya paja, mchuzi wake ni mtamu, na ikipikwa polepole pamoja na viazi yatosha kulisha jamaa nzima. Lakini shingo ni nyama ambayo mwuzaji asiye mwaminifu aweza kuitumia kumdanganya mnunuzi. Mnyama akisha kukatwa kichwa na kuchunwa ngozi, hapana tena pembe wala manyoya ya kuonyesha alikuwa nani. Hubakia nyama na mifupa. Basi yafaa tuulize kama mifupa hiyo yaweza kutuambia iwapo tumenunua kondoo au swala.

Swali hili si la mchezo. Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza biashara ya nyama yao. Hata hivyo, wachunguzi walipokusanya nyama kutoka maduka ya Nairobi mwaka 2004, waligundua kuwa baadhi yake ilikuwa ya porini, ijapokuwa iliuzwa kama nyama ya mifugo. Mji wetu umepakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, na ng'ambo yake ziko nyanda za Athi na Kapiti ambako wanyama hunaswa kwa mitego ya waya. Kutoka huko mpaka Barabara ya Jogoo si safari ndefu.

PINGILI SABA

Tuanze na jambo ambalo huwashangaza wengi. Shingo ya kondoo ina pingili saba. Ya swala ina saba. Ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina saba, na shingo ya binadamu vile vile. Karibu wanyama wote wanyonyeshao wamepewa hesabu hiyo moja. Kwa hiyo mtu akidhani kuwa atamtambua swala kwa kuhesabu pingili, anapoteza wakati wake. Tofauti haimo katika idadi, bali katika umbo.

Pingili ya kwanza, ambayo wataalamu huiita atlasi, hubeba kichwa. Ni pana, nayo ina mabawa mawili kando yake. Ya pili, iitwayo aksisi, ina jino mbele linaloingia ndani ya ile ya kwanza, na hapo ndipo kichwa hugeukia kulia na kushoto. Pingili ya sita ina ubao mpana wa mfupa upande wa chini, na ya saba hupakana na ubavu wa kwanza. Katikati ya zote hupita tundu, njia ya mishipa mikuu ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Juu yake umelala ukano mnene wa rangi ya manjano ambao husaidia kuinua kichwa cha mnyama anayekula majani. Kila mpishi aujua ukano huu, maana hata ukichemshwa mchana kutwa haulainiki.

TOFAUTI ILIVYO

Kondoo ana shingo fupi yenye nguvu. Dume hupigana kwa kukimbia na kugonganisha vichwa, na shingo lake hupokea kishindo. Pingili zake ni fupi na pana, zimekaa karibu karibu. Swala naye huishi kwa kutazama mbali na kukimbia. Shingo lake ni refu na jembamba kuliko la kondoo wa kimo kile kile, na kila pingili, ukilinganisha urefu na upana wake, imerefuka. Mfano ulio wazi kabisa ni swala twiga wa nchi kavu za kaskazini na mashariki ya Kenya, anayesimama kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya juu ya miti. Pingili zake ni saba zile zile, lakini zimevutwa kama uzi.

Ukubwa nao husaidia kidogo. Pingili za digidigi ni ndogo mno, haziwezi kuwa za kondoo mzima. Lakini swala pala na swala granti wana miili inayokaribiana na ya kondoo, na hao ndio wanaoweza kupita machoni pa mnunuzi bila kushukiwa.

MBUZI ATATIZAYE MAMBO

Hapa msomaji mwenye haraka aweza kusema, "Basi nimejua: pingili fupi ni kondoo, pingili ndefu ni swala." La, asikimbilie huko. Mbuzi naye, ambaye huliwa sana katika mitaa yetu na ambaye Kiamaiko ilijulikana kwa miaka mingi kwa ajili yake, ana shingo refu kuliko kondoo. Mtu aweza kumshitaki mwenye bucha mwaminifu kwa sababu ya shingo ya mbuzi halali. Tena mnyama mchanga hana mifupa kama ya mzee: ncha za pingili zake bado hazijaungana na kiwiliwili cha mfupa, na zikipikwa hubanduka kama vifuniko. Na mara nyingi shoka la mwuzaji limekwisha kuzipasua pingili vipande vipande.

Sababu ya ugumu huu ni kwamba kondoo, mbuzi, ng'ombe na swala ni wa jamaa moja. Mtaalamu hategemei kumbukumbu tu, bali huweka mfupa asioujua kando ya mfupa ambao mwenyewe anajulikana. Ndiyo maana Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi huhifadhi mifupa ya wanyama wa kila namna. Kazi hiyo imetufundisha historia yetu pia. Katika Kenya hapakuwa na kondoo wa porini. Kondoo waliletwa na wafugaji, na walifika sehemu za Ziwa Turkana zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwa hiyo mfupa mmoja wa kondoo ukitambuliwa katika makao ya kale, ni ushahidi kwamba watu wa pale walijua mifugo. Mahali paitwapo Prolonged Drift, karibu na Nakuru, mifupa ya mifugo na ya wanyama wa porini ilipatikana pamoja.

Na pasipo mfupa, ipo njia nyingine. Tangu mwaka 2015 Shirika la Wanyamapori la Kenya lina maabara ya kupima chembe za urithi zilizomo ndani ya nyama. Kipande kidogo chaweza kumtaja mnyama wake mbele ya hakimu.

LITUPASALO

Hatari kubwa ya nyama ya magendo ni kwamba haikukaguliwa na mtu yeyote. Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, na ugonjwa huo humpata mtu anayechinja, anayechuna, hata anayekula. Mwenye kununua nyama ya namna hiyo kwa kupunguziwa shilingi chache huenda akalipa nyingi hospitalini.

Basi mama anayekwenda Soko la Burma au bucha ya mtaani asijitwishe kazi ya mtaalamu wa mifupa. Na amwombe mwenye bucha amwonyeshe mnyama aliyetundikwa ambaye shingo itakatwa kwake, autafute muhuri wa mkaguzi pajani au begani, maana shingo yenyewe ikisha kukatwa yaweza kuwa haina alama. Ajihadhari na nyama inayoletwa mlangoni usiku, ndani ya mfuko, tayari imekatwa vipande, bila mafuta na kwa bei ya ajabu. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na akiwa na shaka ya kweli, asiitupe mifupa: aipeleke kwa afisa wa afya au kwa watu wa wanyamapori. Pingili zikiwa nzima, wao wanaweza kuzisoma.