Miaka 40 bila sensa: RDC yaendelea kupanga maendeleo kwa makadirio

Kila mwaka, muuguzi mkuu wa kituo cha afya kijijini huko RDC anapaswa kuandika idadi ya watoto atakaowachanja. Idadi hiyo haitoki katika sensa mpya. Mara nyingi inatokana na hesabu ya watu ya mwaka 1984, iliyoongezwa asilimia fulani kila mwaka, au hesabu ya wahudumu wa kujitolea wa afya waliopita nyumba kwa nyumba. Hesabu hizo mbili hazilingani kila mara. Ikitumika iliyo ndogo kuliko hali halisi, chanjo huisha kabla ya akina mama wote kufika, huku ripoti ikionyesha kwamba kituo kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto. Ikitumika iliyo kubwa mno, kituo huonekana kimezembea hata kama hakuna mtoto aliyeachwa.

Tatizo hilo linakumba maeneo yote 519 ya afya nchini, na chanzo chake ni kimoja. Sensa ya mwisho ilifanyika Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire. Wakati huo watu walikuwa milioni 30 na kidogo, na Kivu ilikuwa bado jimbo moja. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba RDC ina watu zaidi ya milioni 100, katika majimbo 26. Lakini hayo ni makadirio. Tangu 1984 hakuna aliyepita nchi nzima kuhesabu.

Sensa ya pili imetangazwa na kuahirishwa mara kadhaa. Ofisi maalumu ya sensa iliundwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Takwimu (INS), na wafadhili, wakiwemo Benki ya Dunia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA), wamesaidia maandalizi kwa vipindi tofauti. Vita, uchaguzi na ukosefu wa fedha za kutosha vimeirudisha nyuma kila mara.

Katika pengo hilo, RDC imeishi kwa tafiti zinazolipiwa kwa sehemu kubwa kutoka nje. Utafiti wa afya na idadi ya watu, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa EDS, ulifanyika mwaka 2007, kisha 2013-2014 na 2023-2024. Utafiti wa UNICEF kuhusu hali ya watoto na wanawake, MICS, ulifanyika pia mara kadhaa, ikiwemo 2010 na 2017-2018.

Tafiti hizo zimeleta faida ya wazi. Kwa njia yake ilijulikana kwamba vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 148 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa, kulingana na utafiti wa 2007, hadi 104 katika ule wa 2013-2014. Ilijulikana pia kwamba mwanamke wa Kongo alikuwa akizaa watoto 6.6 kwa wastani. Bila tarakimu hizo, wizara ya afya isingejua kama juhudi zake zinazaa matunda.

Hata hivyo, utafiti hauwezi kuchukua nafasi ya sensa. Utafiti huchagua kaya elfu kadhaa na kuzihoji, kisha majibu yao huchukuliwa kuwa mfano wa nchi nzima. Ili kuchagua vizuri, watakwimu wanahitaji orodha kamili ya vijiji na mitaa, pamoja na idadi ya watu wa kila mahali, na orodha hiyo hutolewa na sensa. Isipokuwepo, hubidi kuunganisha orodha za zamani na kuzitia viraka. Tena, utafiti wa namna hiyo unaweza kueleza hali ya jimbo, lakini hauwezi kusema kijiji fulani kina watoto wangapi wanaohitaji shule.

Wafadhili wana sababu zao za kupenda tafiti. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sensa, matokeo hupatikana haraka, na maswali yanahusu miradi wanayoigharimia. Sensa ni mzigo wa nchi nzima: kuchora ramani ya kila kijiji, kuajiri na kufundisha maelfu kwa maelfu ya wahesabuji, kununua vifaa, na kuwafikisha watu mahali ambako hakuna barabara.

Katika ngazi ya dunia, ahadi hazikukosekana. Mwaka 1999 uliundwa ushirikiano wa PARIS21 ili kuzisaidia nchi maskini kuimarisha takwimu zao. Januari 2017, wakuu wa takwimu walikutana Cape Town, Afrika Kusini, ambako ulizinduliwa mpango wa dunia wa takwimu za maendeleo endelevu. Pamoja na hayo, fedha zinazotengwa kwa takwimu zimebaki chini ya asilimia 1 ya misaada yote ya maendeleo. Malengo ya Maendeleo Endelevu yenyewe yana kipimo kinachouliza kama nchi imefanya walau sensa moja katika miaka 10 iliyopita. Kwa RDC, jibu ni hapana. Nchi kadhaa za ukanda huo zimeweza: Kenya mwaka 2019, Tanzania, Rwanda na Zambia mwaka 2022, Uganda mwaka 2024.

Njia mojawapo ya kuziba pengo imetoka angani. Mwaka 2017 na 2018, Chuo cha Afya ya Umma cha Kinshasa na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, vilihesabu watu wote katika sehemu ndogo zilizochaguliwa Kinshasa, Kongo Central, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe. Hesabu hizo ziliunganishwa na picha za satelaiti zinazoonyesha majengo, na wataalamu wakakadiria idadi ya watu hata mahali ambako hawakufika. Mpango wa GRID3, uliosaidiwa na Wakfu wa Gates na serikali ya Uingereza, umetumia njia hiyo kutengeneza ramani za vijiji na vituo vya afya, na timu za chanjo zimegundua makazi ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote.

Satelaiti, lakini, huona paa. Haioni waliolala chini yake, umri wao, wala kama wamekimbia. Mwaka 2024, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu wakimbizi wa ndani zaidi ya milioni 7. Nyumba zao zinaweza kuwa bado zimesimama huko walikotoka.

Februari 2025 hatari ya kutegemea mfuko wa mwingine ilijitokeza. Marekani ilisimamisha programu ya DHS, ambayo ndiyo iliyosaidia tafiti za EDS duniani tangu 1984, mwaka uleule wa sensa ya mwisho ya Kongo. Wakfu wa Gates ulijitokeza na msaada wa muda ili kazi zilizokuwa zimeanza zikamilike. RDC ilikuwa na bahati: kazi ya kukusanya majibu ya utafiti wake wa tatu ilikuwa imekwisha. Utafiti wa nne hauna uhakika huo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa raia, jambo hili si la wataalamu peke yao. Viti vya ubunge hugawanywa kulingana na idadi ya wapiga kura walioandikishwa, ambao walikuwa karibu milioni 44 kwa uchaguzi wa 2023, wala si kulingana na idadi ya wakaaji. Mahali penye watoto wengi hapapati uzito kwa ajili yao. Na Rutshuru, Masisi na Kwamouth, ambako usalama ulizuia uchaguzi, zinaonyesha ugumu ambao wahesabuji watakutana nao. Tangu Goma na Bukavu zichukuliwe na M23 mwanzoni mwa 2025, ugumu huo umeongezeka.

Mwanamke aliyezaliwa Goma, Lubumbashi au Kisangani mwaka 1985 amepita miaka 40. Huenda ana wajukuu. Kama hajawahi kuishi nje ya nchi, hajahesabiwa hata mara moja katika sensa, wala watoto wake, wala wajukuu wake.