Sunny si dawa ya mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji nikisifu kitabu kimoja cha hadithi ambacho, kwa maoni yangu, kingefaa kusomwa na kila kijana wa nchi hii. Kitabu chenyewe kinaitwa Akata Witch. Kilitoka mwaka 2011, na mwandishi wake ni Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria. Nimekisoma kwa Kiingereza, nacho ni cha uchawi mwanzo hadi mwisho. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua wapo watakaouliza: tunahangaika kung'oa imani za uchawi, nawe watuletea uchawi mwingine wa kubuni? Nawasihi wanisikilize kwanza.

Mhusika mkuu ni Sunny, msichana wa miaka 12, aliyezaliwa New York na sasa anaishi na wazazi wake katika mji wa Aba, Nigeria. Sunny ana ualbino. (Lile neno zeruzeru silitumii, maana wenyewe hawalipendi.) Mpira wa miguu anaupenda kupita kiasi, tena anaujua, lakini jua linamuunguza, na mchana hutembea na mwavuli wake mweusi. Akili anazo, nazo ndizo zinazomponza. Mwalimu anamwamuru awachape wenzake kwa kuwa insha zao ni mbovu kuliko yake. Sunny anakataa. Wakitoka shuleni, wale wale aliokataa kuwachapa wanampiga na kumwita mchawi, pamoja na hilo neno "akata", ambalo huko ni dharau wanayoitwa watu weusi wa Marekani.

Kumbe ni mchawi kweli! Anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye elimu yake na sheria zake, na anajifunza pamoja na wenzake watatu ambao sitawasahau. Yupo Orlu, mpole, ambaye herufi humchanganya anaposoma. Yupo Chichi, mwenye mdomo mkali, ambaye akisoma kitu mara moja hakimtoki. Na yupo Sasha, mtundu wa Chicago, ambaye wazazi wake wamemleta Nigeria apate kutulia. Hatulii hata kidogo. Vijana niliowaazima kitabu hiki wanagombana hadi leo, wengine wanasema Chichi ndiye hodari, wengine Sasha. Mimi nipo upande wa Orlu, kwa sababu yule yule asiyeelewana na herufi ndiye mwenye kipaji cha kufumua uchawi uliofungwa na wengine. Katika jamii ile, kasoro uliyozaliwa nayo ndiyo mlango wa nguvu zako. Sunny naye uwezo wake wa kutoweka machoni pa watu unatokana na huo huo ualbino anaochekwa kwao.

Sasa, ndugu wasomaji, adui yao ni nani? Ni mtu anayeitwa Black Hat Otokoto, anayeteka watoto na kuwakata viungo kwa ajili ya uchawi wake. Wanaijeria wakilisikia jina hilo hukumbuka mauaji ya mtoto na ghasia zilizotokea mjini Owerri mwaka 1996. Sisi hatuna haja ya kwenda Owerri. Tunakumbuka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa mwaka 2007 na 2008. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, na bado mwezi Mei 2024, mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili aliporwa, na mwili wake ukapatikana mwezi Juni ukiwa hauna baadhi ya viungo.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki kitufikie. Katika hadithi za mitaani mwetu mwenye ualbino ni dawa ya kumtajirisha mtu mwingine. Humu yeye ndiye mwenye nguvu, ndiye anayemwendea muuaji. Tena tazameni utajiri wa Watu wa Chui unavyopatikana: fedha yao iitwayo chittim huanguka yenyewe kutoka hewani pale mtu anapojifunza jambo kwa dhati. Haipatikani kwa damu ya mtu.

Lipo moja lisiloniridhisha. Baada ya Sunny kuingizwa katika jamii ile, jua haliwi tena tatizo kwake. Mwandishi kamrahisishia. Watoto wetu wenye ualbino hawana mwujiza huo. Wao wanahitaji kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi, maana saratani ya ngozi inawaua. Mwalimu atakayekisoma na wanafunzi wake aliseme hilo wazi.

Ombi langu ni kwa wachapishaji wetu: watafuteni wenye haki ya kitabu hiki, mkitoe kwa Kiswahili kwa bei ambayo shule ya kijijini inaimudu, hata ikipata nakala mbili tu. Atakayepewa kazi hiyo ajue kuwa habari za Sunny ziliendelea katika Akata Warrior mwaka 2017 na Akata Woman mwaka 2022, kwa hiyo ajiandae kwa vitabu vitatu.

Msomaji wenu,
Shinyanga