FIMBO INA MIPAKA



Ndugu wanafunzi, wengi wenu asubuhi mpo shule hapa Mpanda na jioni mpo madrasa, na kote huko fimbo mnaijua. Wachache ndio wanaojua kuwa ina mipaka.

Tuanze na shule. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na viwe kwa kosa kubwa. Mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, kama yupo shuleni. Kila adhabu huandikwa kitabuni. Ngumi, mateke na makofi hayamo.

Madrasa haziendeshwi kwa kanuni hizo. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatuhusu sote, wazazi na walimu: inakataza kumtesa mtoto, na inakataza adhabu isiyolingana na umri na hali yake.

Mipaka isipochungwa, roho hupotea. Agosti 2018, mwanafunzi wa miaka 13 wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Kumbe mkoba ulisahauliwa kwenye bodaboda. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji.

Ama dini yetu, Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, na amesimulia kuwa hakukemewa hata kwa neno "uff". Wapo wanaotoa hoja kwa hadithi ya kumpiga mtoto wa miaka kumi asiyeswali. Wanazuoni wameieleza kuwa ni pigo jepesi lisilojeruhi, na kupiga usoni kumekatazwa. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis na kufariki mwaka 1406, alionya kuwa ukali humzoesha mwanafunzi uongo na hila, kwa kuogopa adhabu. Akanukuu kauli kwamba mwalimu asizidishe mapigo matatu.

Haya si ruhusa ya utovu wa adabu. Kumheshimu mwalimu ni wajibu, na kumtii katika mema. Lakini anayeumizwa asinyamaze. Amweleze mzazi, afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 hupigwa bure. Kusema ukweli juu ya dhulma si kumvunjia mwalimu heshima.

Wabillahi tawfiq.