Idadi Inayotangazwa na Idadi Inayoonekana: Hesabu ya Vimondo vya Jeminidi katika Latitudo za Afrika Mashariki

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa Desemba, Dunia hukatiza mkondo wa vumbi na vijiwe unaosababisha vimondo vya Jeminidi. Kilele chake huwa usiku wa kuamkia tarehe 14, na idadi inayotangazwa ni takribani vimondo 150 kwa saa. Mtazamaji aliyekaa uani kwake jijini Dar es Salaam kwa saa nzima na kuhesabu vimondo visivyofika 10 huona kuwa amedanganywa. Makala haya yanafafanua kwamba idadi hizo mbili hazipingani, na kwamba hesabu ndogo ya mtazamaji huyo ina thamani ya kisayansi iwapo imeandamana na kumbukumbu ya hali ya anga.

Sehemu ya tatizo imo katika istilahi. Tukio hili huitwa mara nyingi “mvua ya vimondo”, jina linaloahidi zaidi ya kile ambacho anga hutoa. “Manyunyu” lingekuwa jina la haki zaidi. Aidha, neno “kimondo” hutumika kwa mwali upitao angani na pia kwa jiwe lililofika ardhini, kama kile cha Mbozi mkoani Songwe, pande la chuma lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Vijiwe vya Jeminidi si vya aina hiyo. Huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde na kuteketea vikiwa bado makumi ya kilomita juu ya ardhi.

Chanzo chake ni Phaethon, gimba lililogunduliwa mwaka 1983 kwa picha za setilaiti ya IRAS. Manyunyu mengi hutokana na nyotamkia. Phaethon huhesabiwa miongoni mwa asteroidi, ingawa hulikaribia Jua hadi umbali wa kilomita milioni 21 hivi.

Idadi ya 150 ni kiwango sanifu. Hukadiria kile ambacho mtu mmoja angekiona endapo kitovu cha manyunyu, yaani sehemu ya anga ambako vimondo huonekana kuchipukia, kingekuwa utosini kabisa, anga likiwa halina wingu, na nyota hafifu kabisa inayoonekana ikiwa ya daraja la 6.5 la mwangaza. Hali hizi tatu hazikutani pwani ya Tanzania. Kitovu cha Jeminidi kimo katika kundinyota la Mapacha, au Jauza, digrii 33 kaskazini mwa ikweta ya anga. Kwa aliye digrii 7 kusini, kitovu hicho huchomoza yapata saa mbili na nusu usiku na hakipandi zaidi ya digrii 50, kimo kinachofikiwa baada ya saa nane usiku. Kiwango sanifu huzidishwa kwa saini ya kimo hicho: saa nne usiku, kitovu kikiwa kwenye digrii 15, vimondo 150 hushuka hadi 39 hivi, saa nane hufikia 115.

Mwanga wa jiji huathiri zaidi. Kwa Jeminidi, kila daraja moja la mwangaza linalopotea hugawanya idadi inayoonekana kwa takribani 2.6. Pale ambapo taa za barabarani zinaficha nyota zote hafifu kuliko daraja la 4.5, vimondo 115 hubaki 17. Mawingu ya mwisho wa vuli yakifunika nusu ya anga, husalia 8 au 9. Mtazamaji wa uani hakudanganywa, alihesabu sawasawa.

Hesabu hiyo huweza kurudishwa kinyumenyume, toka 8 hadi 150, ila kwa sharti kwamba aliyehesabu aliandika saa ya kuanza na ya kumaliza, nyota hafifu kabisa aliyoiona, sehemu ya anga iliyofunikwa, na vimondo vilivyotokea upande mwingine na visivyo vya Jeminidi. Hesabu isiyo na maelezo hayo haifai kitu, hata ikiwa kubwa. Hata ikiwa nayo, kosa lolote dogo katika kukadiria daraja la mwangaza hukuzwa na marekebisho yenyewe. Ndiyo maana saa moja chini ya anga jeusi la kijijini, macho yakiwa yamezoea giza kwa dakika 20 hadi 30, huzidi usiku mzima wa mjini.

Shirika la Kimataifa la Vimondo, lililoundwa mwaka 1988, hupokea hesabu za macho za namna hii. Jeminidi zilipotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1862 zilikuwa chache. Zimeongezeka tangu hapo kwa kuwa mvuto wa Mshtarii husogeza mkondo wake. Ongezeko hilo linajulikana kwa sababu watu waliendelea kuhesabu. Na kwa kuwa Dunia huzunguka wakati mkondo ukikatizwa, kila longitudo huona kipande chake tu cha kilele: saa ambazo ni usiku wa manane Afrika Mashariki ni mchana katika Bahari ya Pasifiki.