Umehamia Dar? Usiiache kadi yako ya kliniki kijijini

Msikilizaji, tuanze na jambo linalowapata mabinti wengi wanaotoka mikoani na kupanga chumba Tandale, wilayani Kinondoni. Kijijini alikuwa akichomwa sindano ya uzazi wa mpango. Miezi mitatu inatimia, hajui aende wapi, anaona haya kuuliza. Anaacha, na mimba inaingia bila kupangwa.

Huna haja ya kurudi kwenu. Vituo vya serikali hutoa uzazi wa mpango bure, uwe mwenyeji au mgeni. Tandale ina kituo cha afya, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala haiko mbali. Kwingineko, tafuta alama ya nyota ya kijani. Nenda na kadi yako, ili mhudumu aone tarehe ya sindano ya mwisho. Kama imepotea, nenda hivyo hivyo umweleze.

Mimba ikishaingia, anza kliniki kabla ya wiki 12. Vituo vingine hukutaka uje na mwenza mpimwe VVU pamoja. Kama yuko mbali au amekukimbia, muombe mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua, usikose kliniki kwa sababu yake. Ukitokwa damu, ukivimba uso au kichwa kikiuma sana, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali hata kama ni usiku.

Nawe mzazi, unapomfungia binti mzigo wa safari, hakikisha kadi yake imo.