Upimaji wa ukinzani wa umeme ardhini

Upimaji wa ukinzani wa umeme ardhini ni mbinu ya jiofizikia ya kukadiria hali ya miamba na maji chini ya ardhi bila kuchimba. Kwenye pwani ya Mkinga, Tanga na Pangani, kaskazini mwa Tanzania, faida yake kubwa ni kutambua mahali ambapo maji ya bahari yamepenya chini ya nchi kavu. Jiji la Tanga hupata maji kutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, lakini vijiji vingi hutegemea visima, na kisima kikitoa maji ya chumvi, michango ya wanakijiji imepotea.

Mbinu hii ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Conrad Schlumberger wa Ufaransa na Frank Wenner wa Marekani.

Kazi ya uwandani

Vyuma vinne huchomekwa ardhini kwa mstari. Viwili vya nje hupitisha mkondo wa umeme, viwili vya ndani hupima volteji. Kwa mpangilio wa Wenner, nafasi kati ya vyuma (a) ni sawa, na ukinzani mahususi ni 2πa × V ÷ I. Kwa mfano, nafasi ikiwa mita 10, mkondo ampea 0.1 na volteji 0.08, jibu ni takriban ohmu-mita 50. Nafasi ikiongezwa, umeme hupita chini zaidi, hivyo vipimo hurudiwa kwa nafasi kubwa zaidi na zaidi.

Penye mawe ya matumbawe au mchanga mkavu umeme hauingii vizuri, kwa hiyo wapimaji humwagia maji kwenye vyuma. Mstari usiwe karibu na mabomba au reli ya Tanga, kwa sababu chuma hubeba umeme na kuharibu matokeo. Karibu na ufuo ni vema kuandika saa ya kila kipimo, kwani bahari hujaa na kupwa.

Maabara

Maji ya bahari yana takriban ohmu-mita 0.2 tu, ilhali mawe makavu ya chokaa, kama yale ya Amboni, yanaweza kufikia maelfu. Pango tupu huongeza kipimo. Lililojaa maji hukipunguza.

Tatizo gumu ni udongo wa mfinyanzi: nao hupitisha umeme vizuri, na mwanafunzi anaweza kuudhania kuwa maji ya chumvi, au kinyume chake. Ndiyo sababu sampuli ya mwamba hupimwa maabara. Hukatwa kama silinda, hulowekwa katika maji yenye chumvi inayojulikana, kisha ukinzani wake huzidishwa kwa eneo la uso na kugawanywa kwa urefu. Mwaka 1942 Gus Archie alionyesha uhusiano kati ya kipimo hicho na nafasi wazi ndani ya mwamba. Kanuni yake haifai palipo na mfinyanzi mwingi.

Kina cha kuchimba

Maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa makadirio ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hulingana na takriban mita 40 chini yake. Pampu ikishusha maji kwa mita 1, chumvi inaweza hatimaye kupanda mita 40, hata kama kisima kilianza na maji matamu.