Chakula asilia: Je, GMO yaweza kupenya?

TUSEME umetumiwa kifurushi kutoka nyumbani Ukambani. Ndani mna ndengu za Kitui, muthokoi, chupa ya asali ya Mwingi na maembe ya Makueni. Unaambiwa vyote ni asilia, havikuguswa na dawa wala mbolea ya dukani. Je, una hakika gani kwamba havina chembe ya GMO?

Swali hili huwasumbua wazazi wengi mijini, hasa wale wanaokubali kulipa zaidi ili watoto wao wale chakula cha kilimo hai. Jibu lake lina pande mbili. Kwa mujibu wa kanuni, chakula cha kilimo hai hakiruhusiwi kuwa na GMO. Shambani, sokoni na kiwandani, hata hivyo, chembe kidogo zaweza kupenya bila mtu kukusudia.

Haibridi si GMO

Kwanza tuondoe utata mmoja. Mmea wa GMO ni ule ambao wataalamu wameubadilisha jeni zake katika maabara, aghalabu kwa kuutia jeni ya kiumbe kingine, ili upate sifa ambayo haukuwa nayo. Mahindi ya haibridi kama Duma, yanayopandwa sana Kitui na Makueni kwa sababu hukomaa mapema, hayamo katika kundi hilo. Haibridi hupatikana kwa kuchavusha mmea mmoja kwa mwingine. Mbegu ya Katumani nayo ilitokana na kuchagua mimea bora msimu baada ya msimu. Kwa hivyo, mtu akikuambia kwamba kila mbegu ya dukani ni GMO, usimwamini.

Kanuni zasemaje?

Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki ziliidhinisha kiwango kimoja cha bidhaa za kilimo hai, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Kiwango hicho kinakataza GMO katika mbegu, katika lishe ya mifugo na katika viungo vya vyakula vinavyotengenezwa viwandani.

Marekani na Ulaya msimamo ni huo huo. Huko Marekani, chakula huitwa cha kilimo hai iwapo angalau asilimia 95 ya viungo vyake vimekuzwa kwa njia hiyo. Wengi hudhani ile asilimia 5 iliyobaki ndiyo mlango wa GMO. La hasha! Viungo hivyo vyaweza kuwa vya kawaida, lakini haviruhusiwi kuwa vya GMO.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kanuni hizi huangalia njia aliyofuata mkulima. Mkaguzi hutazama mbegu, shamba, ghala na vitabu vya mkulima. Hapimi kila gunia katika maabara. Hapo ndipo chembe huweza kupita.

Pamba yaingia jikoni

Huenda ukauliza: GMO itatoka wapi Ukambani? Anza na pamba. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha ukuzaji wa pamba ya Bt, na mwaka 2020 mbegu zikaanza kusambazwa katika kaunti zinazolima pamba, Kitui na Makueni zikiwemo. Pamba hii imetiwa jeni ya bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis, nayo hujikinga dhidi ya viwavi wanaotoboa vitumba.

La ajabu ni kuwa mkulima wa kilimo hai anaruhusiwa kunyunyizia mimea yake bakteria hiyo hiyo kama dawa. Tofauti ni kwamba dawa hunyunyizwa juu ya majani na kuisha nguvu kwa jua, ilhali jeni hukaa ndani ya mmea wenyewe.

Usiseme pamba hailiwi. Mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia, na makapi yanayobaki, yaani mashudu, hulishwa ng'ombe. Ng'ombe aliyelishwa mashudu ya pamba ya Bt, maziwa yake hayawezi kuuzwa kwa alama ya kilimo hai, hata kama malisho yake mengine ni nyasi tupu. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani nayo huwa hayana karibu jeni yoyote iliyobaki, hivyo maabara yaweza isione kitu. Hata hivyo, kwa kanuni si ya kilimo hai, kwa sababu yametokana na mmea wa GMO.

Upepo, nyuki na magunia

Mahindi huchavushwa kwa upepo. Ndiyo sababu wanaozalisha mbegu huacha nafasi ya mita 200 au zaidi kati ya shamba na shamba. Mwaka 2012 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku hayo, na kesi zikafuata. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru uagizaji na ukuzaji usimamishwe hadi rufaa isikizwe. Siku mahindi hayo yatakaporuhusiwa kupandwa kila mahali, mkulima wa kilimo hai atalazimika kumjua vyema jirani yake.

Ndengu zina nafuu. Ua lake hujichavusha lenyewe, na hakuna ndengu za GMO zinazouzwa popote. Maembe ya Makueni vilevile. Kunde za GMO zipo Nigeria, ambako ziliidhinishwa kwa wakulima mwaka 2019.

Asali ina kisa chake. Nyuki huruka kilomita kadhaa na hachagui ua la nani. Mwaka 2011 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mfugaji nyuki wa Ujerumani ambaye asali yake ilipatikana na chavua ya mahindi ya GMO kutoka shamba la majaribio. Iliamua kuwa asali hiyo haikufaa kuuzwa bila kibali. Mwaka 2014 sheria ikabadilishwa, chavua ikahesabiwa kuwa sehemu ya asali na si kiungo kilichoongezwa.

Isitoshe, kuna njia nyepesi kuliko upepo na nyuki: gunia lililotumika, lori lisilofagiliwa, au kinu kinachosaga na kukoboa nafaka za kila mtu.

Wewe ufanye nini?

Usiingiwe na hofu ya sumu. Shirika la Afya Duniani limesema vyakula vya GMO vilivyo katika soko la kimataifa vimepimwa na havielekei kuwadhuru walaji. Suala hapa ni haki ya mnunuzi kupata alicholipia, na riziki ya mkulima ambaye mzigo wake waweza kukataliwa na mnunuzi.

Neno "asilia" likiandikwa tu kwenye pakiti halitoshi; tafuta alama ya Kilimohai. Kwa vyakula vingine, kumbuka kanuni za Kenya za mwaka 2012 zinataka chakula chenye GMO zaidi ya asilimia 1 kiandikwe hivyo. Ukinunua maziwa, uliza ng'ombe amelishwa nini. Ukinunua muthokoi, uliza mbegu ilitoka wapi na umekobolewa kinu gani.

Na ukiwa na jamaa anayelima huko Kitui au Makueni, mshauri aweke risiti za mbegu, atumie magunia yake mwenyewe, na kabla ya mvua za Oktoba azungumze na jirani kuhusu watakachopanda mpakani.